Mkuyu usiupulizie dawa: vidudu vya ndani ya kuyu ndivyo vinavyoupa mbegu

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naandika kutoka Isongole, wilayani Rungwe. Kitongojini kwetu tuna chemchemi, na pembeni yake umebaki mkuyu mmoja mkubwa ambao hata wazee wanasema waliukuta. Kamati yetu ya maji inataka tupande mingine kabla huu haujaanguka, lakini chini yake sijawahi kuona hata mche mmoja. Makuyu machanga yanapukutika mengi, na yale yanayokaribia kuiva ukiyapasua yamejaa vidudu vyeusi. Mwenzetu mmoja anayelima parachichi amejitolea pampu yake tupulizie dawa. Mwingine anasema wabaya ni popo wanaokuja usiku kula matunda, tuwafukuze kwa moshi. Na jambo moja linanishangaza: sijawahi kuuona mti huu umechanua. Unazaaje bila maua, na tufanye nini tupate miche?

JIBU: Marahaba. Kabla ya yote, mwambieni mwenzenu arudishe pampu nyumbani. Mti uko kwenye chemchemi mnayokunywa. Dawa ikipigwa kwenye majani, mvua ya kwanza itaishusha yote majini, na mvua ya Rungwe mnaijua, haichelewi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 za kulindwa kandokando ya vyanzo vya maji, na sidhani kama kuna ofisa atakayewaelewa mkikutwa na sumu ya wadudu ndani ya hizo mita. Hilo peke yake lingetosha kufunga mjadala. Lakini ipo sababu ya pili, nayo ndiyo jibu la karibu kila ulichouliza: hivyo vidudu vyeusi ndivyo wachavushaji wa mkuyu, na hauna wengine. Nyuki haingii humo, kipepeo haingii, upepo haufiki. Mkiviua, mmeua mbegu.

Maua yapo, tena mengi, ila yamejificha. Kuyu halikutokana na ua moja kama lilivyo embe au parachichi. Ni kifuko kilichofumbika, na maua yamepangwa ukutani kwa ndani, mamia kwa mamia, mara nyingine maelfu. Chukua kisu kikali, chuma kuyu changa ambalo bado ni gumu na la kijani, ulipasue katikati kuanzia kwenye kikonyo hadi kwenye ncha. Utaona uwazi mdogo, na kuuzunguka ukuta wenye vinyuzi vyeupe vilivyosongamana. Kila kinyuzi ni ua. Kisha tazama ncha yenyewe, upande usio na kikonyo. Pana kitundu kilichozibwa na vigamba vilivyolaliana. Huo ndio mlango pekee wa kuingilia.

Kwa mwinuko wa Isongole nauchukulia mkuyu wenu kuwa ni ule ambao wataalamu wa mimea wanauita Ficus sur: majani machanga yana wekundu, na makuyu yananing'inia kwa vichala kwenye shina na matawi manene, yakiiva yanakuwa ya rangi ya chungwa kuelekea nyekundu. Una ndugu yake, Ficus sycomorus, ambao hupenda zaidi sehemu za chini zenye joto. Habari za uchavushaji wao zinafanana, ingawa kila mmoja una nyigu wake.

Ndiyo, ni nyigu, ingawa hafanani na wale wanaotuuma. Ana urefu wa kama milimita 2 na hana habari na binadamu. Maua ya kike yanapokuwa tayari, kuyu hutoa harufu ambayo sisi hatuisikii lakini nyigu jike aliyebeba mayai huifuata kutoka mbali. Anatua, anatafuta kitundu, anajipenyeza kati ya vile vigamba. Njia ni nyembamba kiasi kwamba mabawa hunyofoka, na mara nyingi vipande vya pembe zake pia. Ukiwa na lenzi, angalia ncha ya kuyu changa: mara nyingine utakuta mabawa mawili matatu, meupe kama karatasi ya nailoni, yamenasa kwenye vigamba. Mwenye mabawa hayo yuko ndani na hatatoka tena.

Humo gizani anafanya kazi mbili. Kifuani ana vijifuko vya kubebea chavua aliyoichukua kwenye kuyu alikozaliwa. Anaichota kwa miguu ya mbele na kuiweka juu ya maua, moja baada ya jingine. Papo hapo anachomeka mrija wake wa kutagia kwenye shingo ya ua ili yai lifike kwenye ovari. Baadhi ya maua yana shingo fupi, mengine ndefu. Kwenye shingo fupi yai linafika, na funza atakula hapo mpaka awe nyigu. Kwenye shingo ndefu mara nyingi mrija haufiki, lakini chavua imeshawekwa, hivyo ua hilo linatoa mbegu. Basi kuyu moja linalea nyigu na mbegu kwa pamoja: mti umemlipa mchavushaji wake kwa kumtolea sehemu ya maua. Mengi ya haya yalichunguzwa hapa hapa Afrika Mashariki, J. Galil na D. Eisikowitch, watafiti kutoka Israel, walichapisha mwaka 1968 kazi yao juu ya uchavushaji wa Ficus sycomorus katika ukanda huu.

Zinapita wiki kadhaa, na kwenye baridi ya kwenu huenda zikawa nyingi zaidi kuliko mabondeni. Madume hutoka kwanza. Hawana mabawa, macho yao ni hafifu, na maisha yao yote yanaishia ndani ya kuyu walimozaliwa. Wanawapanda majike wakiwa bado wamefungiwa kwenye maua yao, halafu wanatoboa njia kwenye ukuta wa kuyu na kufa. Kwa wakati huohuo maua ya kiume ya kuyu lilelile yameiva. Majike wanajaza vijifuko vyao chavua, wanapita kwenye tundu lililotobolewa, wanaruka. Hapo ndipo kuyu linapoanza kulainika, kugeuka rangi na kunukia.

Kwa hiyo ukipasua kuyu linalokaribia kuiva ukakuta vidudu vyeusi vinatambaa, umewakuta abiria wakiwa kituoni. Na ukiokota kuyu lililoiva lenye kitundu kidogo ubavuni, usilitupe ukidhani limeoza. Kitundu hicho ni dalili nzuri kwamba nyigu walizaliwa na kuondoka, maana yake chavua iliingia na mbegu zimo.

Mnataka kujua mkuyu usio na nyigu unakuwaje? Tazameni Misri. Ficus sycomorus ulipelekwa huko tangu zama za Mafarao, lakini nyigu wake mchavushaji hayuko huko. Miti imeota, imenenepa, inazaa makuyu ya kuliwa, ila mbegu hakuna. Kwa maelfu ya miaka watu wa huko wameueneza kwa kukata matawi na kuyachomeka ardhini, na wakulima walikuwa wakipanda juu na kisu kulichanja kuyu moja moja ili liive. Pampu yenu ingewaletea Misri kitongojini.

Sasa kuhusu kupukutika. Kuyu ambalo nyigu hakuliingia, mti kwa kawaida haulihangaikii. Linageuka njano likiwa dogo na kuanguka. Hivyo mkiona mengi chini yakiwa machanga, tatizo ni uchache wa nyigu waliofika, wala si wingi wao. Na hapa upweke wa mti wenu unaingia kwenye hesabu. Nyigu jike akishatoka huishi siku moja au mbili. Katika muda huo lazima apate kuyu changa lililo tayari kupokea. Lakini mara nyingi makuyu ya mti mmoja hukua kwa pamoja: siku nyigu wanapotoka, hapo nyumbani hakuna kuyu la kuingia, yote yameiva. Lazima aende kwenye mti mwingine. Anapanda juu ya vilele vya miti, anachukuliwa na upepo, na akinusa harufu anashuka. Anaweza kwenda mbali kuliko umbo lake linavyoonyesha. Kando ya mto Ugab huko Namibia, jangwani, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uligundua kwamba nyigu wa Ficus sycomorus walikuwa wakipeleka chavua wastani wa karibu kilomita 90, na walioenda mbali zaidi walifika kilomita 160.

Kwa hiyo mkuyu wenu una wenzake, hata kama hamuwaoni: uliopo bondeni kuelekea mto Kiwira, uliopo pembezoni mwa msitu wa hifadhi, uliopo shambani kwa mtu ambaye leo anafikiria kuupasua mbao za kupigia zege. Kila unapokatwa mmoja, zinapatikana wiki ambazo nyigu wa eneo zima hawana mahali pa kuingia, na makuyu ya kwenu yanapukutika zaidi. Kumbe kamati yenu, kwa kutaka kuotesha mingine, mmeshika penyewe. Mnachopungukiwa ni uvumilivu kwa vidudu.

Niongeze kidogo, maana msije mkageukia sisimizi. Sio kila nyigu anayeonekana kwenye kuyu ni mchavushaji. Wapo wezi, wenye mrija mrefu kama unywele unaoning'inia nyuma; hawaingii ndani, wanatoboa kwa nje na kutaga mayai yao kwenye maua, na watoto wao wanaishi kwa gharama ya mti au ya nyigu halali. Sasa kuna sisimizi wanaopanda na kushuka kwenye vichala vya makuyu kufuata utamu unaotolewa na vidudu vidogo vinavyonyonya utomvu. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini kwenye huu huu Ficus sur ulionyesha kwamba sisimizi hao huwafukuza wezi, na makuyu yanayolindwa nao hutoa wachavushaji wengi zaidi. Kwa hiyo nao waacheni.

Mbona hamna mche chini ya mti? Hapo tunaingia kwenye popo, na naomba yule aliyependekeza moshi asikilize.

Mbegu ya kuyu ni ndogo kama ya mchicha. Haina akiba ya chakula, na mche wake ni dhaifu, unataka mwanga na udongo usiokauka tangu siku ya kwanza. Chini ya mama yake unapata kivuli kizito, majani makavu yaliyorundikana, ukungu, sisimizi wanaosomba mbegu, na maelfu ya ndugu zake katika tunda moja lililooza. Kuota pale ni bahati nasibu mbaya. Mti unahitaji mtu wa kuzitoa mbegu hapo, ndiyo sababu unagharamia ule utamu na rangi.

Popo walao matunda ndio wachukuzi wake hodari wa usiku. Hapendi kula mezani, kwa kuwa mti wenye matunda ndipo bundi na wanyama wengine huvizia. Analinyofoa kuyu, anaruka nalo hadi mti mwingine, anajining'iniza, analitafuna huku analigandamiza kwenye kaakaa, anameza maji ya tunda pamoja na mbegu nyingi na kutema makapi. Nenda asubuhi chini ya mti wowote mkubwa ulio mita mia kadhaa kutoka kwenye mkuyu, hata chini ya mwembe au mti wa kivuli wa shule. Ukikuta vidonge vya nyuzinyuzi vilivyokamuliwa, bapa, vyenye alama za meno, ujue usiku popo alikuwa mezani hapo. Tumbo lake ni la haraka, chakula kinapita ndani ya muda mfupi, na hujisaidia akiwa angani. Mbegu zinadondoka kwenye mashamba yaliyoachwa, kwenye maporomoko ya udongo, kando ya mito, sehemu ambazo ndege wengi wa msituni wanaogopa kuvuka. Nchini Ghana, watafiti waliokuwa wakifuatilia aina moja ya popo wakubwa kwa vifaa vya setilaiti walikadiria kwamba mbegu ndogo kama hizi zinaweza kubebwa hadi kilomita 75.

Mchana zamu ni ya wengine. Kulukulu, yule mwenye mabawa yanayowaka wekundu akiruka. Hondohondo. Zuwakulu. Kima hujaza makuyu kwenye mifuko ya mashavu na kwenda kuyala kwa raha zake mbali na wenzake wanaomnyang'anya. Msitu wa Rungwe unaye pia kipunji, kima ambaye wenyeji walikuwa wakimzungumzia kabla ya sayansi kumwandika mwaka 2005. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2008 iliwakuta 1,117 tu, wote Tanzania, katika Rungwe na Livingstone kwa upande mmoja na Udzungwa kwa upande wa pili. Msitu usiokuwa na wanyama wa namna hii unaendelea kuonekana wa kijani kwa miaka mingi, lakini miti inayozeeka haipati wa kurithi. Mmoja tu simhesabu kati ya wasambazaji: ninga. Anapenda makuyu kuliko wote, ila firigisi la jamii yake husaga mbegu nyingi anazokula. Ni mteja, basi.

Kuhusu popo na afya zenu: wasishikwe kwa mikono, watoto wasile matunda yenye alama za meno, na tenki la maji lifunikwe vizuri. Moshi hausaidii lolote katika hayo. Utawahamisha kwa siku mbili, watahamia kwenye paa la mtu.

Haya yote ni ya mkuyu. Msije mkayabandika kwenye kila mti wa mlimani. Podo, kwa mfano, huchavushwa na upepo, una miti dume na miti jike mbalimbali, na ungeniuliza juu yake ningejibu tofauti kabisa.

Tuje kwenye miche. Okoteni makuyu yaliyoiva kabisa, laini, yenye kile kitundu. Msichukue ya mti wenu peke yake. Tumeni vijana wakatafute mikuyu mingine kwenye mabonde jirani, hata miwili mitatu. Miti ya wazazi tofauti haitazaa siku moja, na hicho ndicho nyigu anachohitaji. Kwa sababu hiyo sipendekezi sana kuchomeka matawi, ingawa tawi nene la mkuyu likichomekwa mwanzo wa masika lina nafasi nzuri ya kushika. Matawi kumi ya mti mmoja ni mti uleule mara kumi.

Pondeni makuyu ndani ya ndoo ya maji, pitisheni kwenye chekecheke, acheni yatulie. Makapi, mbegu tupu na maganda yaliyokuwa na nyigu vitaelea, vimwageni. Mbegu nzima zinazama. Zianikeni kivulini juu ya gazeti siku moja au mbili, kisha zioteshwe mapema, msiziweke mpaka mwakani. Kitalu kiwe na udongo wa msituni uliochekechwa na kuchanganywa na mchanga, kilowane kabla ya kusia. Changanyeni mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane, mzinyunyize juu, na msizifukie. Hapo ndipo wengi wanapokosea: mbegu ndogo hivi inataka mwanga, ukiifukia kama ya mahindi haitoki. Funikeni kitalu kwa nailoni iliyoinuliwa juu ya fito, na maji yapigwe kwa ukungu mwembamba, la sivyo yatazisomba. Zitaanza kuonekana baada ya wiki kadhaa, vijani viwili vidogo mno ambavyo mtu asiyejua atavidhania magugu na kuving'oa. Mwekeni mtu mmoja wa kusimamia, awe mvumilivu.

Mche ukiwa na majani manne hadi sita uhamishieni kwenye kiriba, kivulini, halafu mpunguze kivuli kidogo kidogo. Mvua za Novemba na Desemba zikikuta mche umevuka goti, pandeni. Mbuzi wanaupenda, kwa hiyo ua wa fito ni wa lazima kwa misimu miwili ya kwanza.

Wazee watawaambia mkuyu huvuta maji. Mimi nasema hivi: hauleti maji pasipo na maji, unaota pale ambapo yapo karibu, na mizizi na kivuli chake vinashika udongo wa ukingo usiporomokee ndani ya kisima. Hilo linatosha kuupanda. Kama kuna milingoti (mikaratusi) ndani ya zile mita 60, kazi ya kwanza ya kamati ni kuitoa hiyo.

Mwenzenu wa parachichi asijione amefukuzwa kikaoni. Mashamba yake yako jirani, na dawa inayopeperushwa na upepo haichagui mpaka. Apulizie pale tu anapoona wadudu waharibifu, siku isiyo na upepo, na kamwe si wakati mparachichi umechanua, maana maua yake nayo yanategemea nyuki na wadudu wengine wa huko huko msituni.

La mwisho, kabla hamjachimba mashimo: mizizi ya mkuyu ni mikubwa na inafuata unyevu. Msipande karibu na banio, tenki au njia ya bomba. Acheni angalau mita 15, miche iwe juu ya chemchemi na pembeni mwake, na kati ya mche na mche pawe na mita 10 au zaidi. Mkuyu ukishakua ndio utajua kwamba nafasi hiyo haikuwa kubwa.